Mfalme Aliyeirudisha Nchi Yake: Habari za Galawdewos wa Uhabeshi

Hapa Kasomeno ni mahali pa njia kugawanyika. Msafiri atokaye Lubumbashi akisha kufika kwetu, njia moja humpeleka Kasenga, penye mto Luapula, na nyingine humpeleka kaskazini, Kilwa na Pweto, kando ya ziwa Mweru. Mwezi wa Desemba mwaka 2000 vita vilifika Pweto, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Zambia, wakichukua walivyoweza kuchukua kichwani na mgongoni. Wale waliorudi baadaye walikuta nyumba zisizo na paa na mashamba yaliyogeuka kuwa msitu. Lakini paa huezekwa, na shamba hulimwa tena. Liko jambo moja zito zaidi ya hayo: kumkuta jirani aliyekuwa upande wa pili.

Siku moja darasani tulikuwa tukisoma habari za vita vya zamani, na mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akatuuliza: “Mwalimu, vita vikiisha, nani huanza kusema na mwenzake?” Tulikuwa na majibu tayari juu ya majina ya wafalme na miaka ya vita, bali kwa swali hilo hatukuwa na jibu. Basi, wasomaji wapendwa, makala hii ni jibu letu lililochelewa.

Wanafunzi wetu wamesoma habari za Charles VII, mfalme wa Ufaransa, ambaye alipoachiwa ufalme mwaka 1422 alikuwa mtu wa kudharauliwa, Waingereza wakishika Paris na nusu ya nchi. Wamesoma jinsi Jeanne d’Arc, binti wa mkulima, alivyomwongoza mpaka Reims kutiwa taji mwaka 1429, na jinsi vita vile vya miaka zaidi ya mia vilivyokoma kwa ushindi wa Castillon mwaka 1453. Habari hizo ni njema kujulikana. Lakini watoto wetu wasidhani ya kuwa Ulaya peke yake ndiyo iliyopata wafalme wa namna hiyo. Afrika nayo inaye wake, na kwa jambo tunalolitafuta leo yeye atufundisha kwa ushindi wake na kwa kosa lake pia. Jina lake ni Galawdewos, yaani Klaudio, mfalme wa Uhabeshi, nchi iitwayo leo Ethiopia.

KIJANA ARITHI NCHI ILIYOANGUKA

Uhabeshi ulikuwa ufalme wa Kikristo tangu karne ya nne. Upande wake wa mashariki, kuelekea bahari, ulikuwako ufalme wa Waislamu ulioitwa Adal, na mji wake mkuu ulikuwa Harar. Kwa muda mrefu falme hizo mbili zilifanya biashara, zikapigana, zikapatana, zikapigana tena. Wahabeshi waliingia mara nyingi katika nchi za Waislamu kuteka na kuchoma. Yafaa tuliseme hilo, maana mwenye kusimulia vita huelekea kuanza hadithi siku ile aliyopigwa yeye.

Katika Adal akatokea kiongozi hodari, Imamu Ahmad ibn Ibrahim. Wahabeshi walimwita Gragn, maana yake mwenye kutumia mkono wa kushoto. Mwaka 1529, mahali paitwapo Shimbra Kure, alilishinda jeshi la mfalme Lebna Dengel, ingawa lilikuwa kubwa kuliko lake. Kuanzia hapo, kwa miaka kumi na zaidi, nchi ilikanyagwa kutoka kusini hata kaskazini. Monasteri kubwa ya Debre Libanos ilichomwa mwaka 1531. Kanisa la Bikira Maria wa Sayuni huko Aksum, ambalo Wahabeshi waliliheshimu kuliko yote, likabomolewa. Watu walitekwa na kuuzwa ng’ambo ya bahari. Mkuu kwa mkuu, mtaa kwa mtaa, Wakristo wengi walijiunga na Imamu na kuishika dini yake: baadhi kwa kusadiki, wengi kwa hofu, wengine kwa kutaka kubaki na mashamba yao.

Lebna Dengel akawa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, akihama mlima hata mlima. Mwanawe mkubwa aliuawa vitani. Mwanawe mwingine, Minas, alitekwa akapelekwa Yemeni, mikononi mwa Waturuki. Mwezi wa Septemba mwaka 1540 mzee huyo alikufa katika monasteri ya Debre Damo, na kiti chake kikamwangukia kijana Galawdewos, mwenye umri wa miaka 18 hivi. Wakampa jina la kifalme, Asnaf Sagad, maana yake: Miisho ya nchi yamsujudia. Kwa kweli siku ile hakuwa na nchi ya kumsujudia. Alikuwa na watu wachache tu, huko kusini katika milima ya Shewa.

MAMA JUU YA MWAMBA

Debre Damo ni monasteri iliyojengwa juu ya mlima wenye kuta za mwamba pande zote. Hakuna njia ya kupandia ila kamba. Juu ya mwamba huo aliishi mama yake mfalme, Sabla Wangel, ambaye jina lake maana yake ni Mavuno ya Injili, pamoja na watoto wake waliosalia. Adui aliweza kuuzunguka mlima, kuupanda hakuweza.

Lebna Dengel kabla ya kufa alikuwa ametuma watu kwenda Ureno kuomba msaada. Msaada huo ulifika mwaka 1541 katika bandari ya Massawa: Wareno 400 wenye bunduki, na mkuu wao Cristóvão da Gama, mtoto wa Vasco da Gama yule aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kwanza walikwenda Debre Damo kumteremsha malkia. Mama huyo akashuka kwa kamba, akafuatana na jeshi katika safari yote, katika baridi na mvua na vita, akiwafunga majeraha waliopigwa.

Mwanzoni Wareno walishinda. Lakini Imamu aliomba msaada kwa Waturuki wa Yemeni, akapata watu 900 wenye bunduki pamoja na mizinga. Tarehe 28 Agosti 1542 Wareno walivunjwa, na Cristóvão da Gama, mwenye majeraha, alikamatwa na kukatwa kichwa. Waliosalia walikimbilia milimani pamoja na malkia. Ndipo Galawdewos alipofika kutoka kusini, akamkuta mama yake yu hai, na askari wageni wamepoteza mkuu wao. Mmoja wao, Miguel de Castanhoso, ambaye baadaye aliandika habari za vita hivyo, asimulia kwamba mfalme aliomboleza kama aliyefiwa na ndugu, akawaambia Wareno wasijione wageni, kwa maana nchi hiyo ilikuwa yao kama ilivyokuwa yake.

Imamu Ahmad alidhani vita vimekwisha. Aliwarudisha Waturuki wengi kwao, akabakiza 200 tu. Galawdewos akatumia miezi ile kukusanya watu kidogo kidogo. Tarehe 21 Februari 1543, huko Wayna Daga, karibu na ziwa Tana, majeshi yalikutana. Jeshi la Imamu lilikuwa kubwa zaidi, lakini yeye mwenyewe alipigwa risasi akafa, na watu wake walipoona hivyo walitawanyika. Mkewe, Bati Del Wambara, alitoroka na wapanda farasi wachache, akarudi Harar kwa njia ndefu ya taabu. Mwanawe, Muhammad, alianguka mikononi mwa Wahabeshi.

Hivyo, kwa siku moja, vita vya miaka 14 vilikatika. Vitabu vingi humalizia hadithi hapa. Kwetu sisi hapa ndipo inapoanza.

KAZI NGUMU KULIKO VITA

Tufikiri kidogo juu ya hali ya nchi ile. Katika kila kijiji walikuwamo waliokimbilia mapangoni na waliobaki. Walikuwamo waliouawa wazazi wao, na walioongoza njia ya wauaji. Walikuwamo waliokana imani mbele ya upanga, nao sasa walisimama mlangoni pa kanisa lililochomwa, wakitazama chini. Mfalme mshindi, kijana wa miaka 21 au 22, angeweza kuwaua wote, na wengi wangemshangilia.

Castanhoso ametuachia tukio moja. Bahr Negash Yeshaq, mkuu wa nchi za pwani ya kaskazini, alikuwa ndiye aliyewapokea Wareno na kumleta malkia. Lakini baba yake Yeshaq alikuwa upande wa Imamu, tena alikuwa mlezi wa mwana wa Imamu. Baada ya Wayna Daga mzee huyo alituma watu kuomba radhi. Galawdewos hakutaka, kwa sababu madhara aliyoyafanya mzee yule yalikuwa makubwa. Lakini alimtazama mwana, mtumishi mwaminifu, aliyekuwa kati ya mfalme na baba yake. Kwa ajili ya mwana akamsamehe baba.

Wasomaji waangalie neno hili vizuri. Msamaha ule haukutoka moyoni kama maji ya chemchemi. Ulitoka kwa shida, kama maji ya kisima kirefu. Mfalme alisamehe akiwa bado anaumia. Katika vijiji vyetu twasikia watu wakisema, “Nitasamehe siku uchungu utakapokwisha.” Galawdewos hakungoja siku hiyo. Charles VII naye alijua hivyo: miji iliyowafungulia Waingereza milango alipoipata tena aliipa barua za msamaha, akatangaza kwamba yaliyopita yasifufuliwe, kwa maana aliona kwamba mji wenye hofu ya kulipizwa kisasi utapigana mpaka mtu wa mwisho.

Hata katika kuwakumbuka wafu, Galawdewos alichagua njia yake. Ulipotimia mwaka tangu kufa kwa Cristóvão da Gama, aliwakusanya maskini wa nchi, na Castanhoso asema walizidi 6,000. Akawalisha wote na kuwavika nguo, ili wamwombee marehemu. Vita vilikuwa vimewafanya wengi kuwa maskini. Basi matanga ya mtu mmoja yakawa chakula cha maelfu.

WANA WAWILI WABADILISHWA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi twaliona kuwa zuri kuliko yote katika habari hizi. Sabla Wangel alikuwa na mwana mateka, Minas, huko Yemeni. Bati Del Wambara, mjane wa Imamu, alikuwa na mwana mateka, Muhammad, huko Uhabeshi. Wanawake hawa wawili walikuwa wamefuatana na majeshi yaliyouana kwa miaka. Mmoja alikuwa amefiwa na mume katika ukimbizi, na mwingine katika uwanja wa vita. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kumchukia mwenzake mpaka kaburini.

Lakini wakatumiana wajumbe. Waturuki walikubali, Galawdewos alikubali, na vijana wakabadilishwa: Muhammad akarudi Harar, Minas akarudi kwa mama yake. Pasipo mapatano ya wanawake hao, Minas angefia utumwani. Nasi tutaona ya kuwa ndiye aliyekuja kuwa mfalme baada ya kaka yake.

Basi, mwanafunzi wetu aliyeuliza nani huanza kusema na mwenzake, hapa anapata sehemu ya jibu. Mara nyingi mama ndiye huanza. Hawapendani, wala hawajasahau; bali kila mmoja anamtaka mtoto wake, naye ajua kwamba mwenzake vilevile anamtaka wake.

NYUMBA YAJENGWA UPYA

Galawdewos alitawala karibu miaka 19. Aliwapa Wareno waliobaki mashamba, nao wakaoa wake wa nchi, wakazaa huko. Aliomba askofu mpya kutoka Aleksandria, Misri, kama ilivyokuwa desturi ya Kanisa la Uhabeshi, akampata. Makanisa yalijengwa tena, na vitabu vilivyochomwa vikanakiliwa upya kwa mkono.

Mwaka 1548 alitoa amri kali ya kukataza watu kuwakamata Wakristo na kuwauza kwa wafanya biashara waliowapeleka pwani. Katika fujo ya vita biashara hiyo ilikuwa imekua mno. Jirani alimwuza jirani, na mwenye nguvu alimwuza yatima. Wazee wetu wa Luapula, walioona misafara ya watumwa ikipita katika zama za Msiri, wangeelewa vema kwa nini mfalme hakuweza kuijenga nchi bila kuufunga mlango huo kwanza. Lakini ukweli hauna budi kusemwa: amri ile iliwakinga Wakristo tu. Mtumwa asiye Mkristo hakupata kinga yake.

Liko pia jambo linalotugusa sisi Wakatoliki. Mapadre kutoka Ureno walikuja wakamhimiza mfalme aache desturi za Kanisa la Aleksandria ajiunge na Roma. Mwaka 1555 Galawdewos aliandika ungamo la imani, fupi na wazi, akieleza kile Wahabeshi wanachokisadiki na kwa nini wanashika desturi kama kutahiri na kuiheshimu Jumamosi, kwamba hawafanyi hivyo kwa kuwafuata Wayahudi. Huenda msomaji wetu angependa jibu jingine. Hata hivyo mfalme hakuwatukana wageni wala kuwafukuza. Alibishana nao kwa maneno, akawaacha wakae. Mtu aliyeona makanisa yakichomwa kwa ajili ya dini, naye akakubali kubishana kwa kalamu tu, anastahili heshima yetu.

MLANGO ULIOBAKI UMEFUNGWA

Kama tungekomea hapa, tungekuwa tumewaandikia hadithi ya mtakatifu, si habari za mfalme. Galawdewos aliwasamehe watu wa nyumba yake. Kwa watu wa Adal, ule mlango mdogo uliofunguliwa na wale mama wawili haukupanuliwa. Majeshi yake yaliendelea kushambulia nchi za Waislamu, na watu wa Harar hawakusahau. Bati Del Wambara alikuwa amekwisha kumpokea mwanawe, lakini damu ya mumewe alikuwa bado anaidai. Aliolewa na Nur ibn Mujahid, mpwa wa Imamu, mtu aliyeahidi kulipiza kisasi.

Mwaka 1559 majeshi yalipishana njiani: jeshi moja la Wahabeshi liliingia Harar na kumwua sultani wake, huku Nur akimwendea mfalme mwenyewe. Ilikuwa Juma Kuu. Tarehe 23 Machi, siku ya Alhamisi Kuu, Galawdewos aliingia vitani na watu wachache, akapigwa risasi na mikuki, akafa. Kichwa chake kilipelekwa Harar kikatundikwa miaka mitatu. Wala Harar nayo haikufurahi muda mrefu: njaa kali iliufikia mji, kisha maradhi, na Nur mwenyewe alikufa kwa tauni miaka michache baadaye. Minas, yule mateka aliyerudishwa, akakaa katika kiti cha kaka yake.

Falme zote mbili zilibaki zimechoka. Na watu wa Oromo, waliokuwa wakihamia kutoka kusini, walikaa katika nchi nyingi zilizoachwa tupu na vita hivyo. Hivyo kila upande ulipoteza mengi kuliko ulivyotaka kumnyang’anya mwenzake.

TUNALOLIPATA

Twamheshimu Galawdewos kwa sababu alipewa nchi iliyoanguka naye akairudisha. Hakuirudisha kwa bunduki za Wareno peke yake. Bunduki zilimpa siku moja tu ya Wayna Daga. Aliirudisha kwa kumpokea mtu aliyemwasi, kwa kumlisha maskini katika kumbukumbu ya wafu, kwa kukataza jirani asimwuze jirani, na kwa kukubali mateka abadilishwe kwa mateka. Pale alipofanya hivyo, nchi iliponyeka. Pale alipoacha, kisasi kilipata njia, kikamfikia hata yeye.

Baba na mama wa jamaa, ninyi hamna ufalme wala majeshi. Lakini kila nyumba iliyopitiwa na vita inayo Wayna Daga yake, siku ambayo mambo yalikwisha, na inayo miaka ile iliyofuata, ambayo ni mirefu kuliko vita. Kama yuko jirani aliyekuwa upande wa pili, naye apita mbele ya nyumba yenu akitazama chini, msingoje uchungu uishe. Mfalme wa Uhabeshi alisamehe kwa kumtazama mwana wa yule mzee. Huenda nanyi mtaweza kwa kuwatazama watoto, wa kwenu na wa kwake, ambao hukaa bega kwa bega katika dawati moja darasani kwetu, wala hawajui bado ni nani alikimbia na ni nani alibaki.